Kisa Kinaishia Harusini

Kwa Phulmati Devi, kisa cha Sita kilikuwa na mwisho mmoja tu, nao ni harusi. Rama, mwana wa mfalme wa magharibi, anauvunja upinde wa posa, Sita anamvisha shada la maua, wanawake wanaimba, watu wanakula, basi. Ukijaribu kumsimulia yaliyofuata, ya Rama kufukuzwa na baba yake, ya maisha ya msituni na ya lile zimwi lililomwiba Sita, alikuwa anainuka, anakung'uta sari yake na kukuacha na maneno mdomoni. Wala hakuwa peke yake. Huku Mithila, Sita ni binti yetu. Aliokotwa kwenye mashamba yetu, plau ilipokuwa inapita, na Rama kwetu ni mkwe aliyetuchukulia mtoto akashindwa kumtunza. Wako wazee wengi tu waliofunika kitabu kwenye ukurasa wa harusi maisha yao yote. Ila Phulmati alizidisha. Alizifanyia hivyohivyo habari za watu walio hai.

Binti yake wa pekee, Kishori, aliolewa magharibi, upande uleule alikopelekwa Sita, ingawa wahenga wetu walituonya tusipeleke mabinti huko. Baba yake Kishori, Mungu amweke pema, alimpenda tu yule kijana, Awadhesh, fundi redio mpole asiyejua hata kuinua sauti. Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba yake Awadhesh alipooa uzeeni. Mke mdogo akachonga maneno, mzee akayameza mazimamazima, na Awadhesh akatolewa nyumbani kwao na nguo alizovaa. Kishori akamfuata.

Habari hiyo ililetwa na mwanamke muuza bangili.

"Nimemwona Kishori wako, dada," alisema huku anafungua kikapu. "Wanakaa kibandani kando ya reli. Binti amekonda, yaani ukimwona—"

"Hizi nyekundu bei gani?" Phulmati akamkata.

Hakununua hata moja. Akaingia ndani akakaa mpaka moshi wa wali unaoungua ukatuita majirani.

Desturi ilimpa pa kujificha. Kwetu mzazi hamfuati binti aliyeolewa, na hata tone la maji la nyumba ile halipiti kooni mwake. Anatuma mtu na pepeta za mpunga, mtindi na samaki, yeye anabaki. Phulmati alituma, tena vya kutosha, na yule mtu aliporudi hakumuuliza kitu. Alikuwa anaogopa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na huyu alidhani asipousikia hautakuwepo.

Ndipo televisheni ikaanza kuonyesha kile kisa, kila Jumapili asubuhi. Kijiji kizima kilikuwa na televisheni moja, ya Chandrakala, mke wa muuza dawa, na umeme ulipokuwa unakatika ilikuwa inawashwa kwa betri ya trekta. Tulikuwa tunaacha viatu nje na kufukiza ubani, maana anayeingia sebuleni ni Rama mwenyewe, hata kama ana mistari usoni.

Jumapili ya harusi Phulmati alikaa mbele kabisa, sari ya manjano, tambuu shavuni. Maua yakamwagwa, ngoma zikalia, watu wa upande wa bwana harusi wakaketishwa wakaanza kula. Wakala, wakanawa. Phulmati akageuka.

"Chandrakala, sauti imekatika?"

"Haijakatika, dada."

"Mbona wanakula kimya? Watu wametoka kwao mpaka hapa, wanafakamia wali wetu, na hakuna hata mmoja wa kuwapiga vijembe?"

"Hao ni waigizaji wa mjini, shoga. Wanaogopa dhambi."

"Dhambi ni kumwachia mkwe aondoke hajatukanwa! Atajuaje kama tumempokea?"

Akatema tambuu nje ya dirisha, akajipiga paja, akaanza. *Ewe bwana mweusi, ndugu yako mbona mweupe, tumuulize mama au tumuulize jirani? Kwenu wanawake hupata mimba kwa kula wali wa maziwa, nyie wanaume mnafugwa kwa kazi gani?* Maana kisa chenyewe kinasema mama zake Rama walishika mimba kwa kula wali wa maziwa uliobarikiwa. Wanawake wote tukadakia. Chandrakala akaipunguza sauti televisheni yake mwenyewe. Na yule Rama wa kwenye kioo akaendelea kutabasamu, na mpaka leo tutaapa kwamba alitusikia. Tulitoka pale tumeshika mbavu, na Phulmati alikuwa mchangamfu kuliko nilivyomwona tangu apate ujane.

Jumapili iliyofuata hakuja. "Kisa kimeisha," alisema, akaenda kusaga dengu.

Hivyo hivyo ikapita misimu, mpaka asubuhi moja ya baridi Chandrakala alipochungulia juu ya ukuta.

"Phulmati! Kimbia! Sita amepata mgeni kutoka kwetu!"

Kutoka kwetu! Nani angeweza kujizuia? Alikuja na unga mikononi, akasimama mlangoni tayari kukimbia. Akamwona mfalme Janaka, baba yake Sita, anashuka kwenye gari lake msituni na kwenda kwa miguu hadi kwenye kibanda cha majani. Sita akatoka amevaa magome ya miti. Baba hakuangua kilio, wala hakumwambia twende nyumbani. Alimwekea mkono kichwani akamwambia kwamba ameziheshimisha nyumba zote mbili, ya kwao na ya mumewe.

"Uongo!" Phulmati alipiga kelele hadi mtoto wa mtu akaanza kulia. "Harusini walitunyima vijembe, leo wanatuletea baba anayemfuata binti! Nani amewahi kuona?"

"Sasa mimi nimewatuma?" alisema Chandrakala.

Lakini Phulmati alishaondoka. Alikwenda na unga wake mikononi moja kwa moja kwa Pandit Shobhakant, msomaji wetu wa kitabu kitakatifu, aliyekuwa anaota jua kichwa kinang'aa mafuta.

"Pandit, niambie kweli. Baba yake Sita alimfuata msituni?"

"Kaa, mama."

"Sikai. Niambie."

"Miaka yote ninakuja kusoma kwako, tukifika harusini unanifungia kitabu na kuniletea chakula. Chakula kitamu, sikatai. Lakini hujawahi kuniuliza lililofuata." Akanawa mikono, akakileta kitabu, akafunua karibu na katikati na kumsomea taratibu. "Imo, mama. Alikwenda. Hapo hawakutunga."

Phulmati akakaa.

"Ila wamemkata mtu mmoja," Pandit akaendelea. "Labda gari la mfalme lilikuwa dogo."

"Wamemkata nani?"

"Mama. Mama yake Sita alikwenda pia. Sita alikuja kambini kwao, na mama akamkumbatia katika magome yale yale."

Phulmati alikuwa anaubandua unga vidoleni, na machozi yalikuwa yanamdondoka, na hakuyafuta.

"Alikunywa maji ya huko?"

"Walikwenda na vitu vyao. Habari ya maji sijaisoma popote."

"Basi mimi nitabeba yangu," alisema Phulmati, akainuka, akagusa miguu ya Pandit. "Asante, mwanangu. Na pole kwa kukufungia kitabu."

Akatwanga pepeta, akagandisha mtindi kwenye chungu kipya, akajaza maji ya kisimani kwake katika mtungi wa shaba. Siku ya safari alipitia kwa Chandrakala. Televisheni ilikuwa imezimwa, imefunikwa kitambaa. Akaiwekea ua juu yake.

"Harusi hamkuijua kabisa," aliiambia, "lakini asanteni."

Mimi ndiye niliyemsindikiza kwa treni mpaka kwa Kishori, kwa hiyo haya ya mwisho sikuhadithiwa na mtu. Kibanda kilikuwa kama alivyosema yule wa bangili: paa la plastiki lililokandamizwa kwa mawe, na reli karibu kiasi kwamba vyombo vilikuwa vinagongana treni inapopita. Kishori alikuwa anaanika nguo. Sari yake ilikuwa kiraka juu ya kiraka. Akageuka, na kikapu kikamponyoka.

"Mama? Nani amefariki?"

"Hajafa mtu. Nimekuja kukuona."

Wakashikana. Phulmati, ambaye njia nzima alikuwa anajikaza ili awe kama mfalme Janaka, alilia kwa sauti mbele ya mtaa mzima, na nadhani alifanya vizuri zaidi kuliko mfalme.

Awadhesh akatoka ndani, vidole vyake vina alama za kuungua kwa kuchomea nyaya. Akainama akagusa miguu ya mkwewe, na hakuinua kichwa.

"Nimemuaibisha mwanao, mama," alisema. "Sina hata kiti cha kukupa."

Phulmati akakaa chini, akaufungua mtungi, akanywa maji yake, akajifuta mdomo. Akamtazama yule kijana kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayepima kitambaa dukani. Kisha akajipiga paja.

*Baba yako kazeeka, kaoa mke kijana, amempa funguo zote, mwenyewe yuko nje ya mlango! Na wewe fundi wa redio, umeshindwa kumtengeneza babako, mawimbi yake yanashika kituo cha nani?*

Awadhesh akainua kichwa. Mwanzoni alikodoa macho tu. Kisha kicheko kikamtoka, cha mtu aliyekuwa hajacheka kwa muda mrefu, hadi akashika nguzo ya kibanda, na machozi yakamtiririka mpaka kwenye ndevu. Majirani wakaanza kutokeza.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "umenitukana."

"Nimtukane nani, kama si mkwe wangu?"

Kwetu bibi harusi haimbi katika harusi yake. Anafunikwa uso, anakaa kimya, analia. Lakini Kishori aliufuta uso wake kwa ncha ya ile sari ya viraka, akakaa ubavuni kwa mama yake, akajipiga paja, na ubeti wa pili akauanza yeye.