Lavonia na Kimya cha Binti Yake

Lavonia Stallworth hakuumbiwa kukaa. Tangu utotoni pale Harlow, Georgia, watu walisema mtoto huyu amekalia moto, na sasa ni mke wa Cleophus, mama wa binti mmoja, nywele zimeanza mvi, na moto ule haujazimika. Anakula amesimama. Kanisani anakaa ukingoni mwa benchi kama mtu anayengoja kuitwa. Kazi yake ni kupiga pasi katika duka la dobi la Mtaa wa Magnolia, na inamfaa, maana pasi ya mvuke nayo haijui kutulia.

Kazini humo ndimo alimoanza kuipenda rangi ya chungwa. Harlow ina wanawake waliojiunga na udada walipokuwa chuoni, chama chenye jina la herufi tatu za Kigiriki, na ukishaingia hutoki mpaka kaburini. Wana koti lao la rangi ya chungwa, wana wimbo wao, wana salamu yao ya vidole, na wakikutana ugenini, hata kama hawajuani, hukumbatiana kana kwamba wamenyonya ziwa moja. Mmoja wao akifiwa, wenzake wanajaa jikoni mwake kabla hajamaliza kulia. Asiye wao akilivaa koti lile, hata kwa mzaha, atajuta. Lavonia ameyanyoosha makoti hayo miaka na miaka na hajawahi kupitisha mkono wake ndani ya hata moja. Yeye alisoma chuo muhula mmoja tu, mama yake akaugua, akarudi nyumbani kumuuguza, na masomo yakaishia hapo. Hasemi kwamba iliuma. Iliuma.

Kwa hiyo siku binti yake Amaris, aliyekuwa mwaka wa pili Chuo cha Whitlock, aliposema kwenye simu, "Mama, nafikiria kujaribu udada," Lavonia aliisahau pasi juu ya suruali ya Shemasi Gadsden. Suruali ile haikuvaliwa tena.

Furaha na hofu zilimwingia kwa mlango mmoja. Alikuwa amesikia mengi kuhusu vyama hivi: watoto kupigwa kwa vibao vya mbao, kunyimwa usingizi, wengine kuishia hospitali. Akasubiri mpaka Bi Eudora Hollis, mwalimu mstaafu na mwanachama wa udada ule tangu ujana wake, alipokuja kuchukua koti lake.

"Bi Hollis, hebu nieleweshe mimi mjinga. Huko udadani wanawafanya nini watoto wa watu?"

Bi Hollis akatazama mlangoni kwanza. "Mtoto wa nani?"

"Wa mtu tu."

"Aha. Basi mwambie huyo mtu tu kwamba kupiga watoto ni marufuku, na mwanawe akiguswa aite polisi, asimwite mchungaji. Watasoma historia yetu, watajitolea mitaani, watajifunza kusimama pamoja. Lakini kubwa ni hili: kwetu sisi, anayetaka hasemi. Anayejitangaza anaachwa. Na mama yake naye afunge mdomo."

"Hata kwa mume wake?"

"Dada Stallworth, mimi nakujua. Hata kwa paka. Ukiona mtoto kanyamaza ghafla, hapigi simu, hapokei, ujue mambo yanakwenda. Mshukuru Mungu, uendelee na pasi zako."

Jioni ile Cleophus alikuwa hajavua hata viatu, tayari anajua yote.

Na kweli, haikupita muda, Amaris akanyamaza. Msichana aliyekuwa akipiga simu kuuliza mayai yanachemshwa muda gani, sasa alijibu kwa maneno mawili: niko salama. Sauti yake, siku alipopokea, ilikuwa ya chini, kama ya mtu aliyefunikwa blanketi. Lavonia akauliza, "Unalala?" Akajibiwa, "Kidogo." Akauliza, "Unakula?" Akajibiwa, "Mama, tusiongee hayo." Akanong'ona, akicheka, "Haya, usiniambie, najua."

"Umesikia?" Lavonia akamwambia mumewe, akizunguka meza. "Tusiongee hayo! Amekatazwa. Yumo, Cleo, yumo!"

"Basi keti ufurahi. Unanitia kizunguzungu."

"Na kama wanampiga?"

"Amaris? Aliyemng'ata daktari wa meno? Waonee huruma wao." Cleophus akavuta bakuli la uji wa mahindi na jibini. "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Tulia, mshindo utausikia."

Kutulia! Angemwambia mto uache kwenda. Lavonia alipanga makabati, akayapangua. Alipiga pasi mashuka ya nyumbani, kisha mataulo, kisha soksi za Cleophus, ambazo tangu zifumwe hazijaota kupigwa pasi. Kila habari mbaya ya chuo chochote aliisoma mpaka mwisho, na kila alipoisoma alimwona Amaris ndani yake.

Ndipo ikaja ile Jumapili. Mchungaji aliuliza, kama kawaida yake, nani ana ombi la kuombewa. Mtu mwingine angeomba ndani ya moyo. Lavonia alisimama, akapewa kipaza sauti, na kabla akili haijamfikia ulimi ulikuwa umeshafika mbali.

"Mniombee mwanangu Amaris, yuko Whitlock, anaingia udada wa chungwa, na mimi sipati usingizi. Bwana amlinde na vibao."

Benchi la tatu, walikokaa Bi Hollis na wenzake, shingo ziligeuka zote pamoja. Hakuna aliyesema amina. Lavonia akaketi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatamani kuendelea kukaa pale asinyanyuke kamwe.

Bi Hollis alimngoja nje ya kanisa. "Nilikwambia hata kwa paka. Wewe umemwambia Mungu kwa kipaza sauti."

"Nimemharibia?"

"Mambo ya wasichana wa chuoni hayapiti kwangu. Lakini hapa kuna dada zetu wenye mabinti Whitlock, na simu wanazo."

Mdomo uliponza kichwa, na safari hii kichwa chenyewe kilikuwa cha mtoto. Tangu siku ile Lavonia alibeba swali moja, asubuhi nalo, jioni nalo: je, nimemnyang'anya mwanangu kwa ulimi wangu kitu nilichokuwa nikikililia mimi mwenyewe? Hakuthubutu kumuuliza Amaris, maana kuuliza ni kukiri. Cleophus alijaribu kumtania, akaona hataniki, akamwacha.

Kisha tangazo likaonekana mtandaoni: Jumamosi mchana, uwanja wa Chuo cha Whitlock, dada wapya wa udada wa chungwa watafunuliwa mbele ya watu. Lavonia akamwandikia binti yake kwamba anakuja. Jibu likaja upesi kuliko majibu yote ya majira yale: Usije, Mama. Tafadhali.

"Unaona!" akamwonyesha Cleophus, machozi yakimlengalenga kwa furaha. "Siri mpaka dakika ya mwisho. Hawakumtoa. Sikumharibia!"

"Kasema usije."

"Ndivyo wanavyofundishwa kusema. Washa gari."

Uwanja ulikuwa umejaa. Akina mama walishika maua na maputo, vijana walipanda juu ya viti. Wasichana wapya wakatoka kwa mstari mmoja, wamebanana kifua kwa mgongo, nguo sawa, viatu sawa, nyuso zimefunikwa kwa barakoa. Wakapiga hatua, makofi na vishindo, mpaka ardhi ikaitikia. Lavonia aliwapitia mmoja mmoja kwa macho. Wa nne alikuwa na bega la kushoto lililoinama kidogo, kama la Cleophus.

"Yule pale! Wa nne! Amaris! Amaris, mwanangu! Mama yuko hapa!" Alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Wanawake wa pembeni wakamshangilia, mmoja akampiga mgongoni, "Hongera, mama!" Naye akapokea hongera, akacheza pale pale alipo, mikono juu, roho imetua.

Wa nne akavua barakoa. Alikuwa msichana mweupe kidogo wa uso, mwenye mwanya, na akataja jina lake na mji wake kwa sauti ya kujivunia. Akavua wa tano. Akavua wa mwisho.

"Mama."

Sauti ilitoka nyuma. Amaris alikuwa amesimama katikati ya watu na koti lake la jinzi, macho mekundu, ameshika mkono wa baba yake.

"Nimekusikia kutoka bwenini," Amaris akasema. "Twende kwenye gari. Watu wanakutazama."

Ndani ya gari Lavonia aligeuka kwenye kiti cha mbele, maua aliyomnunulia binti yake yakiwa mapajani. "Ni mimi? Nilisema kanisani. Ni mdomo wangu?"

"Kanisani ulisema lini?"

"Jumapili ya mavuno."

Amaris akatikisa kichwa. "Walinikataa kabla ya hapo, Mama. Usaili wa kwanza tu. Hawakuniambia kwa nini, huwa hawasemi. Nikashindwa kukwambia. Kila nikitaka kusema, wewe unanong'ona na kucheka kwenye simu, unasema usiniambie, usiniambie, najua."

Lavonia akashusha pumzi. Ilitoka ndefu, ya mtu aliyetua mzigo, na mabega yakashuka nayo. Si yeye. Hakumharibia. Ilimchukua muda kutambua kwamba binti yake alikuwa akiitazama pumzi ile.

"Umefarijika," Amaris akasema.

Angeweza kukana. Midomo yake ilishajipanga kukana.

"Ndiyo," akasema. "Mungu anisamehe. Ndiyo."

"Haya," Amaris akasema, akisogea kumpa nafasi kwenye kiti cha nyuma. "Basi kama yako yamekwisha, njoo huku ulie na mimi yangu."