Kampuni Isiyokuwa na Mshenga

Kutoka Korogwe hadi baharini Pangani ni safari ya asubuhi moja, lakini mimi harusi yangu ya ufukweni nilitaka ipitie Ulaya. Jamani, ushamba una ngazi zake! Niliiona kampuni moja ya huko ya kupanga harusi kwenye simu: mahema meupe, maua hadi mchangani, na wao ndio wangepanga kila kitu kutoka huko huko kwao. Walitaka tulipe fedha zote kabla ya Ijumaa, punguzo lisije likatupita.

Fedha zilikuwa michango ya kamati ya harusi, na mweka hazina alikuwa mama yangu mkubwa wa Misima, mkulima wa mahindi, mtu asiyenunua hata jembe bila kuligonga kwanza asikie linavyolia. Michango yote ilikuwa kwenye kitochi, kile kisimu chake kidogo cha kutumia na kupokelea pesa, na kitochi kimefungwa kwenye pindo la kanga.

"Mshenga wao ni nani?" aliniuliza mbele ya kamati nzima.

Nikacheka. Nikamwambia kampuni haina mshenga.

"Makubwa! Hata mahari yako bwana harusi hakuja nayo mfukoni. Ilipita kwa mshenga. Mambo yakiharibika, najua mlango wa kugonga. Hawa wakifunga duka kesho, fedha za watu nikazidai kwa nani?"

Ili anyamaze, niliwaandikia: mkifilisika kabla ya siku yetu, nani atarudisha fedha? Walijibu kwa mioyo myekundu mitatu, wakasema tutume upesi, tena kwenye akaunti ya mtu binafsi ili tukwepe makato. Mama mkubwa alisomewa jibu, akakaza fundo la kanga.

Nilivimba kama andazi. Nikamwambia, kamati inasikia, "Mambo ya Ulaya huyajui, mama mkubwa. Wewe unajua mahindi tu." Nikanyanyuka bila kuaga. Hadi leo nikikumbuka naona aibu.

Wiki ya pili ukurasa wa kampuni ukatoweka. Simu haipokelewi. Mtandaoni mabibi harusi wa nchi mbalimbali walikuwa wanalia, mmoja amebakiza siku tatu afunge ndoa. Nilikaa kwenye cherehani yangu kutwa nzima bila kushona hata kifungo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Langu liliponea kwenye pindo la kanga ya mtu niliyemdharau mbele za watu.

Kumpigia nilishindwa. Basi nikamtuma mshenga, yule yule mzee mstaafu wa Hale aliyeleta mahari kutoka kwa mchumba wangu. Alipanda basi hadi Misima na doti ya kanga na sukari kilo mbili, kuniombea radhi.

Alirudi anajifuta machozi ya kicheko. "Sukari amepokea. Radhi anasema ukailipe mwenyewe, yote kwa mkupuo, kabla ya Ijumaa. Punguzo linaisha."

Alhamisi nilikuwa Misima. Nilipiga magoti uani kwake, nikasema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu." Akafungua fundo, akaninyooshea kitochi. "Angalia salio kwanza, usije ukasema mtu wa mahindi kazila."

Sikuangalia. Nilikifunga tena kwenye kanga yake, mafundo mawili.