Kitambaa cha Mimbari

Nilishuka mji wa Baraka kutoka Fizi nyuma ya pikipiki, sufuria zikigongana mgongoni kwangu njia nzima. Mume wangu alikuwa amepata kazi kwa fundi wa pikipiki karibu na soko, na kwa muda mrefu alikuwa akinisifia mji huo kwa simu: watu wengi, ziwa, samaki wabichi. Hakunitajia mchanga. Kwetu Fizi ni milimani. Asubuhi ukungu unakufuata mpaka jikoni, na maji unayachota ukiwa na sweta. Baraka, mchanga unaingia kwenye bugali, unalala nawe kitandani, na nguo unazozianua kwenye kamba zinanuka ndagala, wale dagaa wa ziwani. Siku za mwanzo nilikuwa nakaa mlangoni, uso nimeuelekeza milimani, nikimchukia mume wangu kimya kimya.

Kitu nilichokuja nacho ambacho kilikuwa changu kweli ni sindano. Nilifundishwa kutarizi nikiwa msichana, kwenye foyeri, nyumba ya mafunzo ya kina mama kule Fizi. Tulishona mashuka ya maharusi, vitambaa vya meza na vya viti. Modeli zilikuwa chache, karatasi zilizochakaa kwa kupita mikono mingi: waridi, tausi, njiwa wawili wanaotazamana, na maneno ya Kifaransa ya kumtakia mtu usingizi mwema, ambayo wengi wetu tuliyashona bila kuweza kuyasoma. Unaweka modeli juu ya kitambaa, unaweka kaboni katikati, unafuata mstari. Nilikuwa hodari sana wa kufuata mstari. Haikunijia akilini hata mara moja kwamba kuna mtu mahali fulani aliuchora mstari ule kwa mara ya kwanza.

Baraka ndiyo iliyonifumbua macho, na nasema hivyo bila kuishukuru. Sikuwa na shamba huko, sikuwa na ndugu wa kutembelea, basi nilitembea tu. Ufukweni nilikuta wanawake wanaanika ndagala, wanazitandaza kwa viganja mpaka zinalala zote zimeelekea upande mmoja, kama mishono ya mtu mvumilivu. Pua za mitumbwi zilikuwa zimepakwa pembetatu za rangi zilizobaki kwenye makopo, nyekundu ikikutana na buluu bila mtu kuziomba ruhusa. Wakimbizi wa kutoka Burundi walikuwa wanauza maharage sokoni, na vikapu vyao vilikuwa na ukingo wa nyuzi za zambarau zilizochomolewa kwenye magunia. Hata vyuma vya madirishani nilivitazama: kila mchomeleaji alikuwa na namna yake ya kukunja ua.

Nilikuwa narudi nyumbani kichwa kimejaa, nachuchumaa kando ya mbabula, jiko letu la makaa, naokota kaa lililozimika na kuchora kwenye karatasi za mifuko ya simenti. Shuka langu la kwanza la Baraka lilikuwa la ndagala: safu kwa safu, uzi wa kijivu na uzi mweupe. Shangazi wa bibi harusi mmoja aliyekuja kununua alilikunjua, akalikunja tena.

"Mutoto wetu atalala na samaki?" aliniuliza.

Nilicheka, lakini iliniuma. Baadaye mwanamke mwingine alilinunua shuka lilelile, akaniletea rafiki zake. Pole pole nikawa na jina kidogo mjini: yule mama wa Fizi mwenye modeli zake. Nikaacha kukaa mlangoni.

Parseli, yaani kiwanja, iliyopakana na yetu ilikuwa ya mama mmoja mjane, mtu wa milima ya juu kabisa, wa zile familia za wafugaji wanaosema Kinyarwanda. Alikuwa ameishi Baraka miaka mingi, akiuza maziwa na siagi iliyoletwa kutoka kwa ndugu zake. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na alisali kanisani kwetu. Mimi sikuwa nimewahi kukaa karibu na mtu wao. Nilikuwa nimesikia habari zao tu, na habari hizo unajua zilivyo.

Siku moja nilikwenda kwake kuomba moto. Ukutani, juu ya kibuyu cha maziwa, palikuwa na mfuniko uliosukwa kwa majani, wenye ncha juu kama kofia. Mistari myeusi iliuzunguka ikipanda na kushuka, ikikonda kadiri ilivyokaribia ncha, na haikukosea hata mahali pamoja. Nilisimama na kaa alilonipa juu ya kigae mpaka kigae kikaanza kuniunguza.

"Ni nani alisuka hii?" nikamuuliza.

"Mi mwenyewe. Zamani, mbele ya macho kuharibika."

"Na hii mistari?"

"Kwetu banaiita njia ya ndama. Ndama hatembei mustari moja. Anaenda huku, anaona mama yake, anarudi."

Kuanzia hapo nilikuwa naenda kwake karibu kila alasiri. Alinionyesha siri ya ule mstari kukonda: huhesabu kuanzia chini, unaanzia kwenye ncha unashuka, kwa hiyo kosa lolote linapata nafasi ya kusahihishwa kabla halijafika mahali pa kuonekana. Mimi nilimwonyesha namna ya kujaza rangi kwa uzi. Vidole vyake vilikuwa vimekauka, lakini alikuwa na subira ambayo mimi sikuwa nayo. Nikikosea alinipiga kofi dogo mkononi, kama mama yangu. Nilipomwomba ruhusa ya kuushona mstari wake, alinishangaa.

"Chukua, mwanangu. Hii kintu haina mwenyewe. Mi niliiba kwa mama, mama aliiba kwa mama yake."

Mwaka huo kanisa letu lilipata bati jipya, na kina mama wakaniomba nitengeneze kitambaa cha mimbari kwa ajili ya siku ya kulifungua. Waliniambia niweke ninachotaka, mradi kipendeze. Nilishona nyumbani kwa jirani yangu, chini ya upenu wake, kwenye kitambaa kizito cheupe. Njia ya ndama ilishuka kutoka juu mpaka chini, nyeusi na kahawia iliyoiva, na katikati nikaacha msalaba mweupe ambao sikuushona hata kidogo. Mistari ilipofika pale ilisimama tu, na msalaba ukaonekana. Sijawahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Nasema hivyo bila majivuno, kama mtu anayemsema marehemu.

Jumapili ile watu walikigusa. Pasta alikisifu mbele ya wote. Jirani yangu alikuwa ameketi benchi la nyuma na kitenge chake cha sikukuu, akajifunika mdomo, na mabega yake yakatikisika. Sikujua kama alikuwa anacheka au analia, na sikumuuliza.

Halafu vita kati ya watu wetu na wale wafugaji vikapamba moto tena huko juu. Sitaeleza nani alianza. Baraka kila mtu ana jibu lake, na kila jibu lina makaburi yake. Watu wetu walianza kushuka na magodoro vichwani, mbuzi mmoja, kuku chini ya kwapa. Vijiji vilikuwa vimechomwa. Kanisa liliwapokea, wakalala kwenye sakafu ya shule yake. Maziwa ya jirani yangu hayakushuka tena. Ndugu zake nao, nilikuja kujua, walikuwa wamechomewa vyao na kukimbilia upande mwingine.

Miongoni mwa waliolala shuleni kulikuwa na mwanamke kijana, mdogo kwangu, aliyekuwa amempoteza mtoto njiani. Jumapili moja, katikati ya maombi, alisimama. Hakupiga kelele. Alinyoosha kidole kwenye mimbari.

"Ile kitambaa ni ya bale bantu. Mi nilikaa nabo karibu, nilikunywa maziwa yabo, ile mistari naijua. Niko nasali, nafungua macho, naona nyumba yabo."

Aliketi. Pasta akaendelea, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Vichwa viligeuka polepole, kwanza kunitazama mimi, halafu kutazama benchi la nyuma.

Kina mama waliniita siku mbili tatu baadaye. Prezida wao alikuwa mwanamke mpole, aliyenisaidia nilipojifungua. Aliniwekea kiti.

"Dada, hatukatae kazi yako," alisema. "Ondosha tu ile mistari. Weka maua."

"Mwenye alinifundisha iko anasali hapa na sisi. Yeye hakuchoma nyumba ya muntu."

"Tunajua."

"Sasa tutamwambia nini?"

Alitazama mikono yake.

"Yule tutamuombea."

Nilisema sitafumua. Niliwaambia nilikishona kwa ajili ya Mungu, na Mungu hajaniambia kwamba hakipendi. Nilirudi nyumbani nikamweleza mume wangu, nikitumaini atasema neno. Mama yake ni mtu wa Makobola, ambako watu wengi waliuawa katika vita vya zamani, na lawama anaiweka kwa watu wa jirani yangu. Alikuwa anakula; aliacha kula.

"Na mi nimwambie mama nini?" aliuliza. "Akisikia ni muke wangu anakatala kwa ajili ya bale, nimwambie nini?"

Nilichukua sahani yake nikaenda kuiosha.

Walikifumua wenyewe. Nilipita kando ya kanisa nikitoka sokoni, nikawaona wameketi barazani, kitambaa kimetandazwa juu ya magoti yao, kila mmoja na wembe. Walikuwa wanazungumza habari za bei ya mihogo. Uzi mweusi ulikuwa umejaa kwenye sakafu kama nywele za watoto siku ya kunyolewa. Mmoja akaniona akanisalimia, na mimi nikamwitikia, maana ndivyo tulivyolelewa. Kazi ya miezi waliimaliza kwa asubuhi moja, nao wala hawakuwa na chuki usoni. Hilo ndilo sijaweza kulimeza. Ningewaona wamekasirika, ningejua la kufanya.

Kitambaa kilibaki na matundu madogo kila mahali, na ukikisimamisha kwenye mwanga njia ya ndama bado ilionekana. Kwa hiyo wakakitupa, wakanunua kitambaa cha plastiki chenye maua.

Wiki hiyo mawe yalianza kuanguka juu ya bati la jirani yangu. Mchana kweupe. Hakuna aliyejua nani anarusha. Nilikwenda kwake nikamkuta amefunga mizigo tayari. Mpwa wake alikuwa amekuja kumchukua wakakae karibu na kambi ya askari wa kigeni wa kulinda amani, pembeni mwa mji, pamoja na wengine wa kwao. Nilianza kumwambia juu ya kitambaa, akaninyamazisha kwa mkono.

"Niliambiwa."

"Mama, mi sikufumua."

"Najua. Lakini sasa inasaidia nini?"

Hakusema kwa ukali. Alikuwa anatafuta ufunguo wa kufuli. Nilimbebea kibuyu mpaka barabarani. Mfuniko aliubeba mwenyewe, ndani ya kitenge, kifuani. Watu walisimama milangoni wakatutazama tunavyopita. Hakuna aliyetutukana, hakuna aliyemsalimia, ingawa wengi wao walikunywa maziwa yake miaka na miaka.

Baadaye nilisikia wamevushwa kwenda Burundi. Nilipata namba, nikampigia. Tuliulizana habari za afya. Alisema huko kwenye kambi ya wakimbizi kuna joto na majani ya kusukia hayaoti. Nikamwambia hata huku kuna joto. Halafu nikasikia watoto wa watu wengine wakilia upande wake, na salio likaisha. Nilipojaribu tena siku nyingine, namba haikupatikana, na mpaka leo haipatikani.

Kanisani siendi sana. Nikienda nakaa kando, natoka mapema. Kushona nashona, kwa sababu lazima watoto wale, na nashona ninachoagizwa. Ufukweni napita kwa sababu ndiyo njia. Ndagala zimeanikwa, nazikwepa nisizikanyage.

Yule mwanamke kijana alikuja kwangu mwaka uliofuata. Nilimwona akiingia kwenye parseli, nikafikiri nitamfukuza. Alisimama mbali kidogo, mikono nyuma. Alisema hana shamba tena, mume amekwenda kuchimba dhahabu Lulimba na hatumi kitu, na amesikia mimi nafundisha broderi, kazi hii ya kutarizi. Mimi sikuwa nafundisha mtu yeyote.

"Mi sikujua kama batamufukuza ule mama," alisema, kabla sijamjibu. "Mi nilisema tu siwezi kuiangalia."

Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilikuwa nimeyapanga, nilikuwa nimeyarudia peke yangu nikifua nguo. Nikamtazama: miguu yake ilikuwa imepasuka visigino, na kitenge alichovaa nilikitambua, kilikuwa kimoja katika vile tulivyowagawia wakimbizi shuleni. Nikamwonyesha mkeka.

Anakuja mara kwa mara sasa. Ana mkono mzuri, mwepesi, pengine utakuwa bora kuliko wangu. Hajawahi kuniuliza naweza kumfundisha nini zaidi ya maua, na mimi sijawahi kumwambia. Hatujawa marafiki. Tunaketi upenuni kwangu, kila mmoja na kitambaa chake, na tukisema neno huwa ni juu ya uzi.