Wimbo wa Marwa Haukwenda Jangwani

Mwanangu, ipo siku moja ya pale kijijini Kewanja ambayo nikiikumbuka damu inanichemka hadi leo, na uzee wangu huu wote. Zilikuwa enzi za dhahabu, watu wamejaa kutoka kila mkoa, kila mtu na sururu yake. Mume wangu Marwa alifukiwa na kifusi ndani ya shimo la dhahabu. Tulimzika, na baba yake akamtungia wimbo wa litungu, chombo chetu kile cha nyuzi. Ndani ya wimbo mlikuwa na jina la Marwa, ng'ombe aliowapenda, na shimo lililomla.

Msiba haujaisha, akaja bwana mmoja wa filamu na mashine ya kurekodi begani. Filamu yake ilikuwa ya msafiri anayevuka jangwa na ngamia, naye alitafuta muziki wa kuitilia. Akausikiliza wimbo, akafumba macho, akatabasamu. Akatabasamu, mwanangu, penye msiba! Kisha akamwambia baba mkwe, "Shikamoo mzee. Hii sauti inapumzisha sana. Naomba upige tena, ila usiimbe. Na hawa akina mama wanyamaze kidogo. Maneno na vilio vitawasumbua watazamaji."

Baba mkwe alikuwa hoi, usingizi hajauona tangu mazishi. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu tu ya mgeni, akashika nyuzi.

Sasa elewa: kwetu Wakurya mkamwana hapandishi sauti mbele ya baba mkwe. Hata kukaa naye karibu hakai. Akiwa na neno, hulipitisha kwa mama mkwe. Mimi nilisimama.

"Yawasumbue!" nikafoka. "Marwa wangu awe wa kuwabembeleza watu wasinzie? Mnataka kilio bila anayeliliwa?"

Wanawake wakaziba midomo. Nilijua naweza kurudishwa kwetu Gorong'a jioni ileile, na mtoto wangu abaki.

Mzee hakunitazama. Akamgeukia mkewe. "Mwambie mkamwana aanze yeye kuimba. Mimi nitamfuata."

Si wahenga walisema, kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia? Nikaimba jina la mume wangu mpaka sauti ikaniisha. Yule bwana akazima mashine yake, akaondoka na jangwa lake. Hata pole hakutupa, asiye haya yule!

Mwanangu, heshima si utumwa. Wakubwa uwaheshimu, wageni uwape kiti na uji. Lakini mtu akiutaka uchungu wako na hamtaki uliyempoteza, mkatalie, hata kama wakwe wapo. Usipomtaja wako wewe, nani atamtaja? Mungu akujalie watu wengi wa kuwapenda, na siku yako ikifika, wajukuu wakulilie kwa jina lako lote.