Fundi Aliyekataa Kupiga Namba

Mzee Abass alikuwa na kifuko cha ngozi ambacho kwa miaka ishirini na sita hakikumtoka mwilini ila kwa mambo mawili: kuoga na kupiga namba. Ndani yake mlikuwa na vipande vitatu vya chuma kigumu, kila kimoja urefu wa kidole, chenye tarakimu kwenye ncha. Nne, moja, saba. Ukiweka ncha juu ya chuma ukagonga kwa nyundo, tarakimu inazama, na haifutiki tena labda kwa tupa.

Alipewa vyuma hivyo mwaka 1972 kwenye karakana ya Mang'ula, Wachina na Waafrika walipokuwa wakijenga reli ya kwenda Zambia. Sheria ya pale ilikuwa moja na haikuandikwa popote. Kitu kikitoka mkononi mwako, unakipiga namba yako. Kikivunjika huko mbele, watu wanasoma namba, unaitwa, unakitengeneza mbele ya macho ya wenzako. Abass aliitwa mara moja tu. Bushi ya ekseli aliyoikereza ilikuwa pana kwa unywele, toroli likayumba na kuacha njia. Mwalimu wake, Fundi Liang, hakumgombeza. Alibeba zana, wakatembea pamoja kilomita kumi na moja juu ya mataruma mpaka penye toroli, na njia nzima Mchina yule hakusema neno. Afadhali angemtukana.

Baada ya reli alifungua gereji Gerezani, Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa breki. Alibandua laini, yaani bitana, zilizoisha kwenye viatu vya breki, akapigilia mpya kwa ribiti za shaba, akachonga mpaka kiatu kikakaa ndani ya dramu ya gurudumu kama ulimi kinywani. Kiingereza alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya magari na kamusi iliyong'oka kurasa za mwisho. Kisha vikaja viatu vya pakiti, vya kuvaa na kutupa, na watu wakaacha kuja. Nani angoje kutwa nzima ribiti sitini, wakati pakiti inafunguliwa kwa meno? Hawakuuliza kwa nini vya pakiti viliisha baada ya miezi mitatu. Walinunua vingine.

Ndipo Ghalib, mfanyabiashara wa Kariakoo ambaye baba yake alikuwa mteja wa Abass, akamchukua mwaka 1997 kwenda naye Guangzhou, amkagulie vipuri na magari makuukuu kabla ya kupakiwa. Alijua anachukua nini. Kariakoo walikuwa wamebaki watu wanaoinama chini ya gari kutafuta 417, na wakiiona hawaulizi tena. Naye Liang, aliyekwisha kustaafu, alikuwa na kibanda cha kukereza vyuma huko Shahe, nyuma ya masoko ya nguo. Wazee wale wakakutana tena, mvi kwa mvi, Liang akisema Kiswahili kile kile cha Mang'ula ambacho hakikuongezeka wala kupungua.

Mwezi wa Machi mwaka uliofuata, Ghalib akaleta gari kibandani.

Lilikuwa Chevelle ya Kimarekani ya mwaka 1966, milango miwili, boneti refu kama meza ya karamu, injini ya silinda nane inayonguruma hata isipokuwa na haraka. Tajiri mmoja wa Hong Kong alikuwa amelichoka. Mnunuzi alikwisha kupatikana Dar, naye alitaka jambo moja: breki za mbele ziwe za diski.

Abass hakubisha. Alizipenda dramu, lakini hakuwa mjinga. Injini ile ilikuwa na nguvu nyingi za kukimbia kuliko dramu zilivyokuwa na nguvu za kuisimamisha. Kwenye mteremko ukikanyaga mara tatu zinashika moto, na ya nne unakanyaga hewa. Kwa siku tisa yeye na Liang walitoa dramu za mbele, wakakereza habu za magurudumu zipokee diski, wakakata mabamba manene ya kushikilia kalipa, yale makoleo yanayobana diski, wakapima, wakakata tena. Ikabaki pampu ya breki, ile inayosukumwa na pedeli. Ilikuwa ile ile ya 1966.

"Pampu ibadilishwe," Abass alimwambia Ghalib.

"Pampu nzima hiyo, Mzee. Haivuji."

"Haivuji, ila ni ya dramu. Ina vali inayobakiza presha kidogo kwenye bomba hata ukishaondoa mguu. Viatu vya dramu vina springi za kuvirudisha, presha hiyo haviijali. Diski haina springi. Ukiibakizia presha, pedi zinazoibana haziachii. Gari litatembea huku limejishika lenyewe."

"Itachukua muda gani?"

"Siku mbili. Pampu nimeshaipata."

"Kontena linafungwa Alhamisi jioni, Mzee. Siku mbili sina. Na laoban wa duka la vipuri kasema hiyo hiyo inatosha."

Laoban ndivyo walivyomwita mwenye duka pale, na siku hizo kila mtu mjini alikuwa laoban, hata muuza soksi.

"Basi mwambie laoban apige namba yake," Abass alisema.

Jumatano asubuhi Ghalib alikuja na Njambi, mfanyabiashara wa Nairobi aliyekodi nusu ya kontena kwa marobota yake ya nguo. Ghalib hakuamkia. Zamani hata mtoto wa tajiri alianza na shikamoo kabla ya kudai chochote. Huyu alianza kwa kunyoosha mkono apewe ufunguo.

"Shikamoo, Mzee," Njambi akasema, kama anayefunika aibu ya mwenzake.

"Marahaba, mwanangu."

"Nasikia ni wewe unazuia nguo zangu kwenda nyumbani."

"Nguo zako hazina breki. Ziende tu."

Njambi akacheka, akaingia garini. Abass akampa Ghalib ufunguo. "Nenda mpaka stesheni ya mashariki urudi. Kanyaga breki kama uko Dar."

Nusu saa baadaye walisikia injini ikivuta kwa shida, kama punda aliyefungwa miguu. Njambi alitoka wa kwanza, kitambaa puani.

"Ghalib, hii gari yako inanuka kama nywele imeungua. Nilikuambia tangu ile taa ya kwanza, ukaongeza redio."

"Pedi mpya hizo. Zinazoea."

Abass aliomba mtungi wa chai wa Liang, akachuchumaa penye gurudumu la mbele, akadondosha matone mawili juu ya diski. Yalicheza, yakalia, yakatoweka. Kisha akaweka jeki, gurudumu likaning'inia.

"Lizungushe," akamwambia Ghalib.

Ghalib alishika kwa mikono miwili. Halikwenda. Hakuna aliyekuwa amekanyaga pedeli. Abass akafungua nati ya bomba kwenye pampu, mafuta ya breki yakaruka.

"Sasa lizungushe."

Lilizunguka kwa kidole.

Ghalib alifuta mikono polepole. "Sawa, nimeona. Watarekebisha Dar. Wewe piga namba lipakiwe."

"Sipigi."

"Mzee Abass, mnunuzi ameahidiwa 417."

"Aliyemwahidi ni nani? Mtu akiteremka nalo mlimani likamkataa, watainama wasome. Watakuta namba yangu. Yako hujawahi kuwa nayo."

"Nipe hivyo vyuma nigonge mwenyewe."

Abass aliweka kiganja juu ya kifuko. "Njoo uvichukue."

Ghalib alikuwa na miaka thelathini na mbili na mabega ya mchukuzi. Alimtazama mzee wa miaka sitini na mmoja, rika la baba yake, na hakusogea. Heshima hiyo moja ya kale ilikuwa bado imembakia.

"Nitakukatia tiketi," akasema. "Jumamosi unarudi Dar."

"Ikate. Leo ni Jumatano." Abass akafungua nati zilizobaki, akaing'oa pampu ya zamani. Akaitumbukiza kikapuni. "Gari sasa halina breki. Ukitaka, ulikokote."

"Lina hendibreki."

"Na hiyo imepigwa namba?" Njambi aliuliza. "Sikiliza, Ghalib. Nusu ya kontena ni yangu. Gari isiyo na breki haikai karibu na nguo zangu. Meli ikiinama itanikujia kwa marobota."

Ghalib alimtazama huyu, akamtazama yule, akatoka akiongea na simu yake ambayo haikuwa imelia.

Liang akanyanyuka. "Abasi, kichwa ngumu. Zamani, kichwa ngumu." Akatoa chini ya meza pampu iliyofungwa gazetini, ya gari la jipu la Kimarekani lililoungwa Beijing, yenye vyumba viwili: kimoja cha diski za mbele, kimoja cha dramu za nyuma. Ilikuwa imekaa hapo siku sita ikingoja ruhusa. "Kazi bado," akasema. Ndilo neno walilokuwa wakiambiana Mang'ula filimbi ya kutoka ilipolia na boliti moja haijakazwa.

Siku mbili wakazibana katika moja na nusu. Walitengeneza bamba la kuishikisha pampu, wakakereza fimbo ya pedeli iwe fupi, wakatenganisha bomba la mbele na la nyuma. Alhamisi asubuhi wakatoa upepo mabombani, Abass akikanyaga, Liang akifungua na kufunga. Adhuhuri waliliendesha uani mara nne. Abass alikanyaga, gari likainamisha pua na kusimama pale pale lilipoambiwa. Magurudumu yote yakazunguka kwa kidole.

Ghalib alikuja saa tisa, na lori nyuma yake. Alikuwa na tiketi mkononi.

"Jumamosi, saa nne asubuhi," akasema. "Sasa piga namba."

Abass alilala chini ya gari, akagonga kwenye bamba la kalipa la kulia. Nne. Moja. Saba. Kisha akampa Liang nyundo. Mchina yule alitoa kwenye droo vyuma viwili vyenye kutu, akaingia upande wa kushoto, akagonga tisa na tatu.

Ghalib akainama. "Hii nayo ya nani?"

"Ya mtu aliyenitembeza kilomita kumi na moja."

"Mnunuzi haijui hiyo."

"Ataijua. Mwambie breki ikimsumbua aje Gerezani, aniulizie mimi. Asikusumbue wewe."

Akachukua tiketi, akasoma jina lake kama limeandikwa sawasawa, akaikunja na kuitia kifukoni pamoja na vyuma vyake.