Nyirabagenzi na Simu ya Walikale

Kwenye vilima vya Kibabi, Nyirabagenzi alijulikana kwa sauti yake ya chini. Hata ng'ombe aliwaita kwa mluzi mdogo, nao wakaja. Ndivyo alivyolelewa: kwao kupayuka mbele za watu ni aibu, na mtu mzima anayetaka kusikilizwa huishusha sauti, haipandishi. Majirani walimtania. "Mama huyu akiungua na chai, tutapata habari kesho," walisema, naye alicheka, kimyakimya vilevile.

Vita vilimnyang'anya mengi. Ng'ombe waliondoka na wenye bunduki, mume akafa akiwafuatilia, yeye akabaki na mwana mmoja, Ladislas, na kazi ya kuchuuza jibini la watu wengine. Tabia yake hawakuichukua. Ladislas alipomnunulia simu, aliitumia kama alivyoishi. Ikilia kanisani, aliomba radhi kwa kichwa akatoka nje. Ikilia safarini, aligeuza uso, akaziba mdomo kwa mkono, akasema maneno mawili matatu na kumaliza. Adabu njema hiyo, laiti wengi wangekuwa nayo! Lakini vita havina adabu, na adabu ya mtu haviiachi salama.

Mwaka ule wa 2012 Ladislas, aliyekuwa akiishi Walikale, alipigwa risasi ya tumbo akitoka sokoni. Mkewe Umutoni akapiga simu: mama aje upesi. Nyirabagenzi akapanda lori lililokuwa likielekea huko, akakaa juu ya magunia ya chumvi pamoja na abiria wengine. Njia nzima aliomba jambo moja tu, amkute mwanawe hai.

Mwenye chumvi alikuwa juu ya magunia hayohayo. Huyu ni Mama Mbambu, mfanyabiashara wa Butembo, na simu yake ilikuwa kama soko kutwa nzima. Kila mtandao uliposhika alipiga kelele hadi ndege wakaruka: chumvi imefika wapi, sabuni imelowa, binti wa shangazi amemkataa mchumba. Abiria walimcheka na kumpenda, na sababu yenyewe inasikitisha. Majuma machache nyuma lori jingine lilikuwa limeviziwa na kuchomwa moto msituni, na watu waliamini kwamba abiria mmoja ndiye aliyewaita wauaji kwa simu. Hakuna aliyemwona, ila kila mtu alikuwa na hakika naye. Tangu hapo anayepayuka aliaminiwa, maana siri zake wote wanazisikia. Kijana mmoja, Merdi, ambaye kaka yake aliteketea katika lori lile, alikaa nyuma ya kabini akitazama mikono ya watu.

Walipopita Kibua na kupanda mlima, simu ya Nyirabagenzi ikalia. Mwanamke aliyekuwa pembeni yake alikuwa amembembeleza mtoto mchanga kwa taabu hadi akalala. Basi Nyirabagenzi akainama, akageuka, mkono mdomoni, akauliza kwa lugha ya kwao, ambayo wengine lorini hawakuielewa, "Anaendeleaje?"

"Anakungojea, Mama. Njoo tu," Umutoni akajibu, akakata haraka.

Nyirabagenzi alipoinua kichwa, lori zima lilikuwa likimtazama.

"Mama, uko unaongea na nani?" Merdi akauliza.

"Na muke ya mutoto yangu."

"Juu ya nini unaficha mudomo?"

"Sikupenda kusumbua watu, kaka."

Alisema kweli, na hakuna aliyemwamini. Kusumbua watu, kwenye lori alilopanda Mama Mbambu! "Kikulacho ki nguoni mwako," mzee mmoja akasema, na methali ya wazee ikageuka hukumu. "Mumushushe! Njo vile wanaita wenzao!" wengine wakadakia, wakagonga paa la kabini mpaka dereva, Papa Philippe, akasimama. Walijua vizuri wanachokitaka. Mwanamke peke yake katika msitu ule hafiki.

"Musinishushe," Nyirabagenzi akasihi. "Mutoto yangu iko anakufa. Munifikishe kwanza, kiisha munifanye vile munataka."

Hata hayo aliyasema chini, na waliokaa nyuma wakapiga kelele kwamba bado ananong'ona! Inachoma moyo, lakini hofu haina masikio.

"Mupige tena ile namba," Mama Mbambu akasema. "Tusikie wote, tumalize maneno." Alitaka kumsaidia, na haki yake tumpe.

Merdi akamnyang'anya simu, akapiga, akafungua spika, akainyanyua juu.

"Alo?"

"Wewe ni nani? Ulikuwa unamwambia nini huyu mama?"

Umutoni akajibu kwa Kiswahili, kwa upole. Alidhani ni msafiri mwema aliyemwona mama ana wasiwasi, akaichukua simu ili aulize hali ya mgonjwa.

"Aksanti kwa kupiga, Papa. Mama iko karibu yako? Songea pembeni, ongea polepole, asisikie. Ladislas alishakufa, tangu asubui. Nilimudanganya. Mama haambiwake kifo ya mutoto njiani, katikati ya watu asiojua. Nakuomba, musimuambie. Mumufikishe kwanza. Tutamukalisha chini, tutamushika, njo tutamuambia."

Maneno yalifika hadi gunia la mwisho. Mama Mbambu akajifunika kichwa kwa kitenge.

"Papa? Uko unanisikia? Hajasikia?"

Merdi alimtazama Nyirabagenzi. Mama alikuwa ameziuma ngumi zake mbili, machozi yakimtiririka juu ya vidole, naye akamtikisia Merdi kichwa kwa nguvu: hapana, usimwambie. Umutoni alikuwa amebeba uongo wake tangu asubuhi kwa ajili ya mkwe, na mkwe hakutaka ajue kwamba umevunjika.

Merdi akaisogeza simu karibu na midomo.

"Hapana, dada," akasema polepole. "Hajasikia. Tutamufikisha."

"Mungu akubariki, Papa," Umutoni akasema, akakata.

Hakuna aliyetaja tena kumshusha. Papa Philippe akawasha injini. Merdi alimnyooshea Nyirabagenzi simu yake, lakini mikono ya yule mama haikuweza kuipokea, basi akabaki ameishika yeye hadi Walikale.