Jaribu Ame na Ruta Mbili za Chake

Jaribu Ame wa Wawi alianza ufundi na redio, akaja kwenye simu. Mzee Mbaruk alipofungua kituo chake cha intaneti pale Chake Chake, Jaribu ndiye aliyepanda juu ya paa kufunga dishi. Kitabu cha mafunzo kilikuwa cha Kiingereza, naye alikisoma na kamusi pembeni, ukurasa kwa ukurasa, kwa miezi minane. Watu wakaanza kumwita Injinia. Jina lile alilipenda mno, hata mtu akimwita Jaribu tu, alijihisi amepunguziwa kitu.

Mwaka 2004 Mzee Mbaruk akamwajiri Rumaitha binti Fahd, msichana wa miaka ishirini na minne aliyesomea mitandao Dar es Salaam. Siku ya kwanza aliingia akamwamkia Jaribu kwa adabu.

"Shikamoo, Mwalimu. Nimekuja kujifunza kwako."

"Marahaba," Jaribu akajibu, na moyoni akasema, huyu ananicheka.

Hakuwa anamcheka. Lakini kompyuta ikigoma, wateja walianza kumtafuta Rumaitha. Mzee Mbaruk naye akiulizwa jambo alisema, "Muulizeni binti." Asubuhi moja mwuza samaki akaingia akauliza, "Yule Injinia wa kike yupo?" Siku hiyo Jaribu hakula mchana.

Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na zama zile Pemba mtu aliweza kuacha kununua mkate kwa jirani yake kwa ajili ya chama. Jaribu alilijua hilo vizuri. Jioni moja barazani akasema, kama mtu aliyekumbuka tu, "Yule binti mjomba wake Unguja ni mtu wa upande ule. Barua pepe zetu zinazopita pale kituoni, sijui kama hazisomi." Hakujua hata kama Rumaitha ana mjomba Unguja. Wiki haikwisha, vijana wa baraza wakaacha kuitikia salamu ya Rumaitha.

Mkewe, Rahila, alizipata habari hizo kisimani.

"Chama gani hicho kilichokuuma tangu msichana yule aje?" akamuuliza. "Weye huna siasa, Jaribu. Una kijicho."

Jaribu akanawa mikono na sahani imejaa, akatoka.

Masika yale radi ilipiga karibu na kituo. Ndani ya kabati zilikuwamo ruta mbili: moja ilipokea intaneti kutoka kwenye dishi, ya pili iliigawa kwa kompyuta za ukumbini. Radi iliunguza matundu yaliyoziunganisha. Taa za ruta zote mbili ziliwaka, lakini hazikusemezana, kama ndugu walionuniana. Vipuri vilikuwa Dar, na vingechukua siku kumi.

"Hapa hakuna la kufanya," Jaribu akamwambia Mzee Mbaruk. "Tufunge, tungoje."

Rumaitha alikuwa amechutama nyuma ya kabati. "Mwalimu," akasema, "kila ruta ina tundu limeandikwa AUX, la kuchomekea modemu. Hayakuungua. Tukiziunganisha kwa hayo, AUX kwa AUX, zitazungumza. Polepole, lakini zitazungumza."

Jaribu alilijua tundu lile. Miaka mitatu alikuwa akilipangusa vumbi. Hilo ndilo lililomchoma zaidi: jambo lilikuwa mkononi mwake, na aliyeliona ni mwengine.

Rumaitha akakata waya, akaupanga kinyumenyume: uzi wa kwanza upande huu ukawa wa nane upande wa pili, wa pili ukawa wa saba, hivyo hivyo mpaka mwisho, ili inachosema ruta moja kiingie kwenye sikio la mwenzake. Kisha akaziwekea spidi moja, kwa kuwa zikitofautiana spidi kila moja husikia makelele tu. Kabla ya Alasiri, barua zikaanza kupita. Picha zilikataa, lakini barua zilipita. Mzee Mbaruk alitoka mpaka mlangoni kuwatangazia wapita njia.

Kesho yake, wenzake walipokwenda kusali Adhuhuri, Jaribu alisema atabaki alinde mlango. Alichomeka kompyuta kwenye tundu la mafundi la ruta ya pili, akaandika mstari mmoja wa kubadilisha spidi ya AUX. Alitupia jicho mlango kama mwizi wa karafuu. Mawasiliano yakakatika.

Rumaitha aliporudi alimkuta Bi Mwanapili wa Kojani amekaa kwenye benchi. Mama huyu alikuja kwa mashua, kisha kwa gari, tangu asubuhi. Mwanawe, Nyange, aliondoka wakati wa fujo za mwaka 2001, na sasa alikuwa Uingereza. Barua za Nyange zilichapwa pale kituoni, mama akasomewa. Ijumaa iliyopita Nyange alikuwa apasuliwe tumbo. Mama alikuja kujua kama mwanawe yu hai.

"Subira kidogo, mama," Rumaitha akamwambia. "Mtandao umekatika."

Bi Mwanapili akamtazama. "Hata Kojani tumesikia. Wanasema weye hutia mkono kwenye barua za watu. Ya mwanangu nayo umeifungia?"

Jaribu alikuwa amesimama hatua mbili tu. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamevuka maji na kurudi. Rumaitha alikwenda kwenye kabati, akainama kwenye kompyuta kwa muda mrefu. Kisha akaita.

"Mwalimu, nisaidie. Macho yangu yamechoka."

Jaribu akakaa, akaandika mstari ule ule, safari hii kwa spidi iliyo sawa. Ruta zikasikilizana. Barua ikashuka, ikachapwa. Bi Mwanapili aliinyakua, akampa Jaribu aisome.

"Mama, nimetoka salama. Nakula uji."

Yule mama akalia, akamshika Jaribu mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akuweke, Injinia. Kama si weye!" Na Mzee Mbaruk kutoka mlangoni, "Mkongwe ni mkongwe!"

Yote aliyoyatamani miezi ile alipewa mara moja, na hakuweza kuyapokea. Bi Mwanapili alipotoka, Jaribu akamfuata Rumaitha penye kabati.

"Kwa nini umeniita mie?"

"Ruta huandika kila linalobadilishwa, Mwalimu. Spidi imebadilishwa saa saba na dakika kumi. Saa hiyo nilikuwa juu ya mswala."

"Mbona hukusema?"

"Ningemwambia nani? Hata salamu yangu hawaitikii."

Jaribu akatoka mbio. Alimkuta Bi Mwanapili ameshapanda gari kituo cha magari, na watu wa baraza wamekaa pale pale. Akasema kwa sauti, asije akabadili nia: "Bi, mtandao niliukata mimi. Na maneno ya barua niliyasema mimi, na ni uongo. Yule msichana hana kosa."

Mmoja akacheka. Mwengine, Himid, akasema, "Na huyu upande ule wameshamnunua." Bi Mwanapili aliteremka garini, akarudi kwa Mzee Mbaruk kwa miguu, akakaa na Rumaitha mpaka akakaribia kukosa mashua.

Habari zilipomfikia Mzee Mbaruk, alimnyang'anya Jaribu ufunguo wa kabati, akampa Rumaitha. Kazi hakumwachisha. Barazani wengine walianza kuitikia salamu ya binti, wengine hawakuitikia mpaka uchaguzi ulipopita.

Rumaitha akapata kazi Unguja mwaka 2006. Jaribu alimchukulia sanduku mpaka bandarini Mkoani. Mwenyewe husimulia kwamba meli ilipoondoka alifurahi, kisha akaona haya kwa furaha ile, akakaa garini kwanza, hajui sasa aitwe Injinia au Jaribu tu. Halafu akarudi Chake kufungua mlango wa kituo, maana ilikuwa Jumatatu na watu walikuwa wakingoja.